Usiende kliniki na jibu la "vizuri kabisa"

Mwanangu,

Umeniuliza swali zito kwa ujumbe mfupi. Dawa za presha umeziacha wiki mbili sasa kwa sababu unakohoa usiku kucha, na kliniki ni Alhamisi. Umwambie daktari, au umeze mbili tatu kabla ya kwenda ili usigombezwe?

Mwambie. Tena usingoje Alhamisi, wapigie leo.

Mimi nilinyamaza. Nilipoanzishiwa enalapril nilishikwa na kikohozi kikavu, kile cha kuwasha koo kisichotoa kitu. Nikanywa dawa za kikohozi chupa baada ya chupa, mama yako akisema ni vumbi. Mwishowe nikawa naruka siku: leo nameza, kesho naacha. Kliniki wakaniuliza, "Mzee, dawa unatumia?" Nikajibu, "Vizuri kabisa." Mashine ikasoma 168 kwa 102. Daktari angefanya nini? Kwa nilivyomwambia, dawa imeshindwa, akaniongezea dozi. Nikaogopa, nikaimeza yote kila siku bila kuruka. Asubuhi moja nikainuka kitandani, chumba kikazunguka, nikalidaka kabati.

Aliyeniokoa ni nesi. Alinisikia nikikohoa pale kwenye benchi, akauliza tangu lini. Nikayamwaga yote. Kumbe kikohozi hicho kinajulikana, huletwa na dawa za kundi hilo, na hakuna chupa ya kikohozi inayokiondoa. Nikabadilishiwa nikapewa losartan, na baada ya wiki chache koo likatulia.

Yako hujanitajia jina. Tazama pakiti: likiishia na "pril", huenda tumeumwa na nyoka mmoja. Nenda na pakiti yenyewe. Taja na zile diclofenac unazomeza kwa ajili ya mgongo, maana nazo hupandisha presha.

Pima nyumbani asubuhi na jioni, uandike. Kaa kwanza dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, kisha pima mara mbili. Andika zote, hata mbaya. (Mimi niliwahi kupima mara sita, nikaandika iliyonipendeza.)

Daktari akigomba, mwache amalize. Kisha muulize: nikibadilishiwa, nirudi lini kupimwa? Na kabla hujatoka mrudilie kwa maneno yako namna utakavyomeza, akusahihishe.

Jambo la mwisho, na nisamehe, si la baba kulisema. Mama yako amenidokeza kwamba mnatafuta mtoto. Hilo lianze kabla ya kikohozi, kwa sababu dawa hizo za "pril" hazifai kwa mimba. Losartan nayo haifai, kwa hiyo usiende kuomba "ile ya baba". Wanazo nyingine, wao ndio watakaokuchagulia.

Nipigie ukishaongea nao, hata kama wamekugombeza.

Baba yako