Mfuko wa Spana na Mzigo wa Chalbi: Ushauri wa Mwendesha Pikipiki wa Nakuru

Tyubu yangu ya akiba ilikuwa na matundu matatu kabla haijaingia ndani ya tairi. Niligundua jambo hilo kati ya Loiyangalani na North Horr, saa nane mchana, nikiwa nimekwisha kulifungua gurudumu la nyuma na kulilaza juu ya koti langu ili mchanga usiingie kwenye beringi. Mwenzangu alikuwa akipiga pampu, nami nikaona tyubu haivimbi, nikaisogeza karibu na shavu langu na kuhisi hewa ikitoka mahali pa kwanza, kisha pa pili, kisha pa tatu. Haikuwa imechomwa na mwiba. Niliifungasha katika mfuko mmoja na spana, na tangu tulipoiacha lami ya Maralal, barabara yenye vijituta kama mabati ilikuwa imeisugua juu ya vichwa vya vyuma hivyo saa baada ya saa mpaka mpira ukalika. Tuliziba matundu yake, tukaziba na tyubu iliyotobolewa na jiwe, tukabaki na kiraka kimoja tu, na jua likatuchwea hapo hapo.

Nimerudi kaskazini mwa Kenya mara tatu tangu safari hiyo, na katika kila safari nimebadilisha namna ya kufungasha. Njia yangu ni ile ile: kutoka Nakuru kupitia Nyahururu na Rumuruti hadi Maralal, kisha Baragoi, South Horr, Loiyangalani kando ya Ziwa Turkana, na baadaye North Horr na Kalacha kwenye ukingo wa jangwa la Chalbi, kabla ya kupanda Marsabit na kurudi nyumbani kwa lami kupitia Isiolo. Ninayoyaandika hapa yanatokana na njia hiyo na pikipiki ya cc 250 yenye rimu za spoki, lakini naamini yatamfaa pia anayekwenda Lodwar au kwingineko kwenye mchanga na joto.

Jambo ninalotaka kulisisitiza kuliko yote ni kwamba mfuko wa spana haujulikani kuwa umekamilika mpaka umefanyiwa kazi. Wengi wetu hununua seti kubwa yenye vipande arobaini, tukaifunga nyuma ya kiti na kujiona salama, ilhali nusu ya vipande hivyo haviingii kwenye nati yoyote ya pikipiki zetu, na kile kimoja tutakachokihitaji hakimo. Wiki mbili kabla ya safari, mimi huisimamisha pikipiki uani, nikaufungua mfuko wa safari, na kwa vifaa vilivyomo humo tu, bila kuingia stoo hata mara moja, ninatoa magurudumu yote mawili, ninaondoa tairi la nyuma kwenye rimu na kulirudisha, ninabadilisha plagi, ninafungua kichujio cha hewa, ninarekebisha cheni, na kubadilisha waya wa klachi. Chombo nilichokitumia hurudi mfukoni. Kisichoguswa hubaki nyumbani, isipokuwa kama ninaweza kueleza waziwazi ni hitilafu gani itakayonifanya nikihitaji.

Mara ya kwanza kufanya jaribio hilo nilishindwa mwanzoni kabisa. Nati ya ekseli ya nyuma ilikataa kusogea, kwa sababu fundi wangu alikuwa ameikaza kwa spana aliyoichomeka ndani ya bomba refu la chuma, nami mfukoni nilikuwa na spana fupi isiyozidi urefu wa kiganja. Nilirudi kwake siku iliyofuata na kumwomba ailegeze, kisha nikaikaza mwenyewe mbele yake kwa spana yangu ya safari. Aliniuliza, "Kwani huniamini?" Nikamwambia, "Fundi, nakuamini sana, lakini huko Chalbi hutakuwepo." Akacheka, na tangu hapo kila nati ya gurudumu huniachia niikaze mimi.

Pikipiki nyingi zilizotengenezwa Japani hufunguka kwa spana namba 8, 10, 12, 14 na 17, pamoja na moja kubwa ya ekseli na ile ya plagi. Hata hivyo, usiige namba zangu. Keti kando ya pikipiki yako na daftari, uzunguke kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, uandike ukubwa wa kila nati na kila skrubu, na hapo utajua unachopaswa kubeba. Mfuko wangu sasa una spana hizo, bisibisi yenye ncha za kubadilisha, plaisi, vyuma vitatu vya kutolea tairi, waya laini wa kufungia, tepu, vifungo vya plastiki, gundi ya chuma ya kukanda kwa vidole, fyuzi mbili, plagi moja, nati na bolti kadhaa za ukubwa unaopotea mara kwa mara, na kiungo cha kufungia cheni chenye saizi ya cheni yangu. Vyote vina uzito wa kilo nne hivi, nami huvifunga ndani ya kitambaa cha turubai chenye mifuko iliyoshonwa, ambacho nikikikunjua huwa mkeka wa kufanyia kazi. Usipuuze mkeka huo. Nati ikianguka kwenye mchanga laini haionekani tena, na kuitafuta kwa vidole ndiko kunakoizika zaidi.

Kuhusu matairi nitasema zaidi, kwa kuwa huko ndiko saa nyingi hupotea. Miiba ya migunga hupenya tairi lililochakaa bila shida, na mawe meusi ya volkano karibu na Loiyangalani huibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa sehemu mbili zilizolingana, hasa ukiwa umepunguza upepo kwa ajili ya mchanga. Mimi hushuka hadi psi 18 hivi mchanga unapokuwa mzito, kisha hujaza tena kabla ya kuingia kwenye mawe, hata kama kusimama kunanichosha. Kwa hiyo pampu ya mkono na kipimo cha upepo hukaa juu kabisa, mahali ninapoweza kuvifikia bila kufungua kamba yoyote. Tyubu ya akiba nibebayo ni moja, ile ya gurudumu la mbele la inchi 21, kwa sababu wakati wa shida huweza kuingizwa kwenye tairi la nyuma la inchi 18 na kukufikisha mjini, ilhali ile nene ya nyuma haikubali kuingia mbele. Huipaka poda ya watoto, huikunja bila kuiacha na hewa, huivingirisha ndani ya fulana kuukuu na kuiweka pamoja na nguo. Haikutani na chuma tena.

Viraka na gundi yake vinataka uangalifu wa aina nyingine. Tyubu ndogo ya gundi ikishafunguliwa mara moja hukauka haraka kwenye joto, kwa hivyo hubeba tatu ambazo hazijafunguliwa. Unapoziba, tafuta kivuli, hata kama ni cha pikipiki yenyewe, uikwaruze sehemu ya tundu, upake gundi nyepesi, na usubiri ikauke kabla ya kubandika kiraka. Kabla ya kuirudisha tyubu, pitisha mkono polepole ndani ya tairi lote. Nimewahi kuziba pancha moja mara mbili kwa kuacha ncha ya mwiba ndani, ncha fupi kuliko punje ya mchele.

Ziko akiba ambazo hazihitaji mfuko. Waya mpya wa klachi huupitisha sambamba na ule unaotumika, kutoka kwenye usukani hadi kwenye injini, nikaufunga kwa vifungo na kuziba ncha zake kwa tepu, hivi kwamba ule wa zamani ukikatika ninahamisha ncha mbili tu. Mkono wa klachi na wa breki huufunga kwenye fremu. Vipande vya blada, ile mipira ya tyubu kuukuu ambayo wanabodaboda hufungia mizigo, huvivingirisha kwenye mguu wa usukani, na mara nyingi vimenifaa kuliko mikanda ya kununua, kwani havikatiki kwa mtetemo na havilegei mzigo unapojikaza chini.

Mzigo wenyewe ukae chini na mbele kadiri uwezavyo. Nilipokwenda mara ya kwanza niliweka vyuma na maji kwenye sanduku lililo nyuma kabisa, kwenye taa ya nyuma, na kwenye mchanga usukani ulikuwa mwepesi mno, ukicheza kushoto na kulia kana kwamba gurudumu la mbele halikugusa ardhi. Sasa spana hukaa mbele ya injini, karibu na miguu, maji hukaa kwenye mifuko miwili iliyoning'inia pande zote mbili kwa uzito uliolingana, na nyuma ya kiti hubaki hema na nguo, vitu vikubwa kwa umbo lakini vyepesi. Lita moja ya maji ni kilo moja kamili, nami siku moja ya Chalbi hunywa lita sita au zaidi, kwa hivyo maji ndiyo mzigo mzito kuliko wote, na hayapunguzwi. Hunywa kwanza upande huu, kisha upande ule, ili pikipiki isiinamie upande mmoja.

Petroli nayo ina hesabu yake. Pikipiki inayonipa kilomita 30 kwa lita barabarani hunipa 20 tu kwenye mchanga, kwa hivyo hupanga safari kwa hesabu ya mchanga. Baada ya Maralal huwa sitegemei pampu. Mara nyingi utauziwa kutoka kwenye jerikani, nami humwomba mwenye kuuza aimimine polepole kupitia kitambaa safi chenye nyuzi zilizoshikana, kwa kuwa chembe ndogo ya kutu hutosha kuziba karabureta. Usiijaze jerikani hadi mdomoni. Asubuhi ya Nakuru ina baridi, kwa kuwa mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Turkana liko chini ya mita 400 na mchana wake huchoma. Petroli huongezeka kiasi cha asilimia moja kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hivyo jerikani ya lita tano iliyojazwa alfajiri baridi hutaka nafasi ya zaidi ya mililita 100 kufikia mchana, na isipoipata itavuja juu ya blanketi lako.

Kichujio cha hewa hubeba cha pili, kilichooshwa na kutiwa mafuta nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kila jioni, kabla ya kula, huzunguka pikipiki na spana mbili nikigusa kila nati inayoshika rafu ya mizigo, ekseli na bomba la moshi, kwa sababu mtetemo wa vijituta hulegeza hata nati uliyoikaza jana. Huchukua dakika kumi.

Kabla ya safari ndefu, fanya ya siku moja ukiwa na mzigo wote. Mimi hushuka kupitia Mogotio hadi Marigat, karibu kilomita 100 kutoka Nakuru, nikaendelea hadi Loruk na kutafuta njia za vumbi. Joto la huko hukupa picha ya linalokusubiri kaskazini, na mathenge, mti uliopandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 na sasa umetapakaa kila mahali, una miiba migumu itakayoujaribu ustadi wako wa kuziba pancha ukiwa bado karibu na nyumbani. Safari mbili za aina hiyo zilinionyesha kwamba rafu yangu ilikuwa na ufa ambao ungekatika kabla ya Baragoi.

Ukirudi, usiiache pikipiki ikae na vumbi la Chalbi. Ardhi ile ni ya chumvi, na chumvi hiyo hula cheni, spoki na spana zenyewe. Osha kwa maji mengi siku ile ile, paka cheni mafuta, futa kila spana kwa kitambaa chenye oili, na katika juma hilo hilo nunua viraka na gundi ulivyotumia, uvirudishe mfukoni kabla ya kuutundika ukutani.