Maswali na majibu: Walimu wa kiume wa sekondari, sisi na wenzetu

Nchi gani inaongoza duniani kwa wingi wa walimu wa kiume wa sekondari? (Msomaji, Manyoni)

China na India. Kila moja ina watu zaidi ya bilioni 1.4. Swali hili linaletwa kila mara na jibu ni lilelile: nchi yenye watu wengi ina walimu wengi, wa kiume na wa kike.

Tanzania ina walimu wa kiume wengi kuliko Rwanda. Naweza kuandika kwenye tasnifu kwamba tumewazidi? (Mwanachuo, Dodoma)

Usiandike. Sensa ya 2022 ilitupa watu milioni 61.7. Rwanda nao walihesabu mwaka huohuo, wakapata milioni 13.2. Ajabu ingekuwa Rwanda kutuzidi! Chukua walimu, gawanya kwa wanafunzi wa sekondari wa nchi husika, ndipo uanze kulinganisha. Kwetu wanafunzi waliongezeka sana baada ya ada kufutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, kwa hiyo walimu wanaweza kuongezeka na darasa likabaki limefurika.

Halafu uliza sekondari ni ipi. Yetu ni miaka sita. Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4 (minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ilikuwa minne, na tangu 2023 darasa la saba linahesabiwa sekondari ya chini. Ukiwapima Wakenya wa 2015 na wa 2024 bila kuliona hilo, utadhani wameajiri jeshi zima la walimu. UNESCO hupanga ngazi za nchi zote kwa kipimo kimoja, ya 2 ikiwa sekondari ya chini na ya 3 ya juu. Tumia hicho. Msimamizi wako alipaswa kukwambia hayo kabla hujafika kwangu.

Sekondari zetu zina walimu wengi wanaume. Si ndiyo nidhamu yenyewe? (Mzazi, Chemba)

Hapana, mzazi mwenzangu, na hapa sitapunguza maneno. Ulaya na Urusi walimu wengi wa sekondari ni wanawake. Katika nchi tajiri, Japani ni miongoni mwa chache ambako wanaume ndio wengi. Kwetu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, wanaume wamezidi kwa sababu kwa miaka mingi wasichana wachache walifika kidato cha sita na chuo kikuu. Waliofika kupitia fizikia na hisabati ni wachache zaidi. Hiyo ni hasara tuliyoirithi, haina fahari ndani yake.

Wastani wa taifa nao unaficha. Mwalimu wa kike akipangiwa shule ya kata isiyo na nyumba ya mwalimu wala maji, hatakaa. Ataomba uhamisho wa kumfuata mwenzi, naye ana haki. Mjini wanajaa, kijijini anabaki mmoja, pengine hakuna. Binti wa kidato cha pili akiingia kwenye hedhi katikati ya kipindi, amwendee nani? Bweni la wasichana alale nani kama matroni? Wazazi mnaokaa kwenye bodi za shule, dai nyumba ya mwalimu kwanza, kabla ya geti na kibao kipya.

Walimu wa kiume wakiwa wengi, matokeo yanapanda? (Msomaji, Kongwa)

La. Tazama Finland, nchi inayosifiwa kwa elimu yake: walimu wake wengi ni wanawake.

Nipate wapi takwimu sahihi? (Mwalimu, Singida)

Za hapa nyumbani zinatolewa na TAMISEMI, ofisi iko hapahapa Dodoma. Za nchi mbalimbali ziko Taasisi ya Takwimu ya UNESCO, Montreal. Achana na picha za majedwali zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp bila mwaka. Angalia pia kama shule binafsi zimo, na kumbuka kwamba mwalimu wa kujitolea anayelipwa na michango ya wazazi hayumo kwenye ikama, yaani idadi rasmi ya watumishi. Ukishapata jumla ya wanaume na wanawake, omba mgawanyo wa halmashauri na wa somo, uanze na walimu wa kike wa fizikia.