Muulize Bibi Nesi: Tabibu aliyeponea kitanzi

*Shikamoo Bibi Nesi. Nasomea utabibu, mwaka wa pili. Mwalimu alitaja juu juu tu kwamba Australia, enzi za koloni la wafungwa wa Kiingereza, kulikuwa na matabibu ambao nao walikuwa wafungwa. Darasa zima likacheka. Je, ni kweli? Na mtu anafungwaje halafu anakabidhiwa kisu cha kupasulia wenzake? – Mwanafunzi Mdadisi*

Marahaba mwanangu. Ni kweli tupu, na wenzako wacheke taratibu.

Koloni la Sydney lilianza tarehe 26 Januari 1788. Gavana Arthur Phillip alikuja na matabibu wa serikali chini ya John White, watu huru kabisa, lakini walikuwa wachache. Humo humo miongoni mwa wafungwa alikuwamo John Irving, tabibu. Walimtumia tangu mwanzo, na mwaka 1790 Phillip akamsamehe, mfungwa wa kwanza kusamehewa katika koloni lile. Usidhani ni huruma. Mwaka huo huo, mwezi Juni, msafara wa pili wa meli ulitia nanga. Ulikuwa umepakia wafungwa kama 1,000, na karibu robo yao walikuwa wameshatupwa baharini wakiwa maiti. Mamia ya waliobaki walishushwa hoi kwa kuhara damu, kiseyeye na homa. Siku kama ile hakuna anayemuuliza mwenye bandeji alifungwa kwa kosa gani.

Ila nadhani mwalimu wako alikuwa na William Redfern kichwani, na huyo ndiye ninayempenda mimi.

Mwaka 1797 Redfern alikuwa kijana, tabibu msaidizi kwenye meli ya kivita ya Standard. Mabaharia wa Uingereza waligoma pale Nore, mdomoni mwa mto Thames, kwa sababu ya ujira mdogo na chakula kibovu. Serikali ikauita uasi, na kiongozi wao Richard Parker akanyongwa. Redfern hakumpiga mtu wala hakushika bunduki. Kosa lake ni maneno: aliwashauri mabaharia washikamane zaidi. Mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Baadaye wakamhurumia kwa ujana wake, hukumu ikageuzwa, akakaa gerezani kama miaka minne, kisha akapelekwa Sydney kwa meli ya Minorca iliyofika Desemba 1801. Njiani alimsaidia tabibu wa meli. Mwaka 1802 akapelekwa kisiwa cha Norfolk kuwa tabibu msaidizi, na mwaka 1803 Gavana King akampa msamaha kamili.

Sasa hapa pana kitu chako wewe mwenye kuogopa mitihani. Mwaka 1808 alirudi Sydney, wakataka kumwajiri hospitalini, lakini hakuwa na karatasi hata moja ya kuthibitisha usomi wake. Yaani miaka sita anatibu kisiwani, watu wamepona mikononi mwake, lakini cheti hana! Wakaketi matabibu watatu, Thomas Jamison, John Harris na William Bohan, wakamtahini, wakampa hati. Ulikuwa mtihani wa kwanza wa aina hiyo katika nchi ile. Kwa hiyo udaktari wa Australia ulianza kutoa vyeti kwa kumtahini mfungwa wa zamani. Kamweleze mwalimu wako hilo uone kama darasa litacheka.

*Bibi Nesi, mimi sikubaliani na hizi hadithi za kuwapamba wahalifu. Mfungwa ni mfungwa. Niambie, huyo Redfern alifanya nini cha maana ambacho tabibu mwenye rekodi safi asingefanya? – Msomaji Mkongwe*

Ndugu yangu Mkongwe, tumeandikiana mara nyingi wewe na mimi, na leo nakuletea jibu lenye harufu.

Nilipoanza kazi ya uuguzi, sista mkuu wetu alikuwa na mazoea yaliyotuudhi sana sisi vijana. Asubuhi akifika mlangoni mwa wodi, anasimama. Hatazami mgonjwa, hashiki faili. Ananusa. Pua yake ilijua nani hakubadilishiwa shuka, ndoo gani haikumwagwa, dirisha gani lilifungwa usiku kucha kwa sababu nesi wa zamu aliona baridi. Tulimcheka kisirisiri, na mimi nikiwamo. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba ile pua ilikuwa kipimo.

Shika hilo, tuje mwaka 1814. Mwaka huo meli tatu za wafungwa zilifika Sydney zikinuka mauti. Ya General Hewitt ilipakia wafungwa 300, wakafa 34. Three Bees ilizika 9 baharini na kushusha wagonjwa kwa makumi. Ya tatu, Surry, ndiyo ilikuwa balaa. Homa ya chawa iliwamaliza wafungwa 36, ikampata nahodha, ikampata na tabibu wa meli mwenyewe. Karibu na mwisho wa safari hapakuwa na ofisa mwenye nguvu za kuiongoza. Walikutana na meli nyingine, Broxbornebury, na baharia mmoja wa huko akajitolea kuvuka kwenda kuiingiza bandarini, akijua kinachomsubiri mle ndani. Gavana Lachlan Macquarie akawatenga abiria wote kambini, ng'ambo ya bandari, kisha akamwagiza Redfern achunguze meli zote tatu.

Redfern akaandika ripoti, Septemba 1814. Ukiisoma kwa haraka ni ya kuchosha: nguo, blanketi, siki, sabuni. Hakuna kishujaa. Lakini twende pole pole uone anavyofikiri. Wafungwa walifungiwa chini ya sitaha wiki baada ya wiki bila kupandishwa juu kuvuta hewa, kwa sababu manahodha waliogopa uasi. Nguo zilikuwa haba na za pamba nyepesi, na matandiko yakilowa yanabaki yamelowa. Chini hapakusuguliwa ipasavyo, wala moshi wa kuua uvundo haukuchomwa. Mvinyo na maji ya ndimu vilivyotengwa kwa ajili yao havikuwafikia kama ilivyopangwa. Kila kitu kilikuwa kwenye karatasi za safari, na kila kitu kilipotelea kati ya karatasi na mgonjwa. Nani kati yetu tuliopita wodini hajawahi kuliona hilo?

Halafu anafika kwenye kidonda chenyewe. Tabibu wa meli ya wafungwa alikuwa ameajiriwa na mwenye meli. Akimwambia nahodha fungua milango, nahodha hataki, basi mazungumzo yameisha. Mkate wake uko mkononi mwa yule yule anayembishia. Wengine walikuwa vijana wasio na uzoefu, wengine walevi. Redfern akapendekeza serikali ipeleke matabibu wazoefu wa jeshi la majini, wenye mamlaka yao wenyewe na maagizo yaliyoandikwa, ili nahodha asiwe na neno la mwisho juu ya hewa na maji ya watu. London ilikubali. Kuanzia 1815 kila meli ya wafungwa ikawa na tabibu msimamizi kutoka jeshi la majini, na vifo vikashuka sana katika miaka iliyofuata.

Umeniuliza alifanya nini ambacho tabibu mwenye rekodi safi asingefanya. Wenye rekodi safi walikuwapo tangu 1788, wakizipokea meli na kuhesabu maiti. Huyu alikuwa amesafiri na wafungwa kwenye Minorca, akiwa ni mmoja wao na huku anawatibu. Alijua kule chini kunanukaje usiku milango ikifungwa. Na kabla ya hapo alijua kwenye Standard kinachompata tabibu mdogo anayefungua mdomo mbele ya wakubwa. Nasema mimi, na unibishie ukitaka, kwamba ripoti ile imeandikwa na mtu anayekumbuka.

*Bibi, ni kweli hospitali ya Sydney ilijengwa kwa pombe? – Mnywaji Mstaafu*

Kweli kabisa, baba, na hongera kwa kustaafu.

Macquarie alihitaji hospitali, London haikutaka kutoa fedha. Novemba 1810 akafunga mkataba na watu watatu, Garnham Blaxcell, Alexander Riley na D'Arcy Wentworth: nyinyi mtajenga hospitali, mimi nawapa ruhusa ya kuingiza galoni 45,000 za ramu na kuiuza. Baadaye kiasi kikaongezwa. Na huyo Wentworth ndiye aliyekuwa tabibu mkuu wa koloni! Mchana anawatibu walevi, jioni anahesabu faida ya mapipa.

Jengo lilifunguliwa mwaka 1816. Kwa nje lilipendeza, lina baraza ndefu zenye nguzo. Ndani ilikuwa habari nyingine. Msanifu Francis Greenway, aliyefika kwa ile ile General Hewitt ya maiti 34, mfungwa wa kughushi, alilikagua akakuta ujenzi wa ulaghai mtupu. Wagonjwa walijipikia wenyewe ndani ya wodi na usiku wakifungiwa humo. Redfern ndiye aliyebeba kazi nyingi za kila siku, na humo akawafundisha vijana utabibu, kati ya wa kwanza kufundishwa nchini humo. Mabawa mawili ya jengo hilo yamesimama hadi leo, na moja ni sehemu ya bunge la jimbo la New South Wales. Wabunge wanakaa ndani ya deni la ramu.

*Je, walimheshimu mwishowe? – Mama wa Watatu*

Ah, mama, nusu nusu.

Mwaka 1814 mke wa gavana alipojifungua mtoto wa kiume, aliyeitwa kumhudumia ni Redfern. Mimi mkunga nakwambia, hakuna imani kubwa kuliko hiyo. Lakini maofisa wa kikosi cha 46 cha jeshi la Uingereza waliofika mwaka huo walikataa kula meza moja na watu waliowahi kuwa wafungwa. Mwaka 1819 Wentworth alipoacha kazi, kila mtu alijua cheo ni cha Redfern; London ikamleta James Bowman. Redfern akajiuzulu. Macquarie akamfuta machozi kwa kumteua hakimu, na mkaguzi kutoka London, John Thomas Bigge, akalipinga vikali hadi uteuzi ukafutwa.

Kibaya zaidi, mahakama zilianza kusema kwamba msamaha wa gavana haukukamilika kisheria mpaka jina lako lipitie kwenye muhuri wa mfalme. Maana yake mtu aliyesamehewa miaka kumi na minane nyuma hana uhakika na shamba lake wala hawezi kumshtaki anayemdhulumu. Mwaka 1821 Redfern akapanda meli na Edward Eagar, mfungwa wa zamani mwenzake, kupeleka malalamiko ya wenzao London, na sheria ya mwaka 1823 ikaupa msamaha wa magavana nguvu yake. Katika safari hiyo alipita kisiwa cha Madeira akachukua miche ya mizabibu kwa ajili ya shamba lake. Alifariki Edinburgh mwaka 1833, na mtaa wa Redfern mjini Sydney uko kwenye ardhi aliyopewa.

Usimfanye malaika lakini. Alikuwa mkavu wa maneno na mwepesi wa hasira. Robert Howe, mhariri wa gazeti la Sydney Gazette, alimuudhi, Redfern akamchapa kwa mjeledi wa farasi, akatozwa faini. Mhariri wangu amesoma mstari huu akaniuliza kama ni lazima tuuchapishe. Nimemjibu ni lazima, na tena asiupunguze.