Je, maganda ya kamba wa baharini yanaweza kuuamsha mwembe upambane na chule, ugonjwa wa kuvu?

SWALI: Salaam aleikum daktari. Nina miembe ya ngowe na boribo hapa Ganda, Malindi. Mvua ikinyesha wakati wa maua, mashada yanageuka meusi na kupukutika. Jirani ameniambia nisage maganda ya kamba, nichanganye na maji nipulizie majani, eti mwembe utadhani umevamiwa na kuvu uanze kujikinga. Mti una kinga kweli, au ananichezea?
Mkulima, Malindi

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Jirani hakuchezei. Fikra yake ina msingi, ila haifiki mwisho.

Ukuta wa kuvu na ganda la kamba vyote vina kitini, yaani mnyororo mrefu wa sukari yenye naitrojeni. Mmea hauna kitini mwilini mwake, kwa hiyo seli yake ikikiona inajua pameingia mgeni. Tena mmea hauna damu ya kusafirisha askari. Kila seli ya jani au ua hujilinda papo hapo ilipo.

Kazi ya kuhisi hufanywa na protini ziitwazo vipokezi, zilizochomekwa kwenye utando wa seli. Kwenye mpunga, watafiti wa Japani walikitambua mwaka 2006 kipokezi CEBiP, ambacho hukishika kitini upande wa nje. Chenyewe hakina sehemu ya ndani, basi hushirikiana na mwenzake, CERK1, ndiye anayepeleka habari ndani. Dakika chache tu, kalsiamu inamiminika ndani ya seli, haidrojeni peroksaidi inazalishwa nje ya utando, ukuta unaongezwa unene palipoguswa, na jeni za kutengeneza sumu dhidi ya kuvu zinawashwa.

Sasa hapa ndipo shauri la jirani linapokwama. Vinavyoviamsha vipokezi ni vipande vifupi, hasa vya sukari 7 au 8. Mmea wenyewe hutoa vimeng'enya vya kuukatakata ukuta wa kuvu ili vipande hivyo vipatikane. Ganda la kamba, hata ulitwange likawa laini kama poda, haliyeyuki majini. Unga wake unabaki juu ya nta ya jani, na utando wa seli uko chini kabisa. Ulimi hauwezi kuonja sukari guru iliyofungwa mfukoni.

Ipo dawa ya viwandani itokanayo na maganda hayo, kitosani, na kilimo kinaitumia. Lakini kuitengeneza kunahitaji kuyachemsha maganda kwenye kostiki soda kali. Nakusihi usijaribu nyumbani. Soda hiyo inaunguza ngozi na kupofusha macho.

Utauliza, mbona mwembe wenye kinga unashindwa? Kuvu nazo zina hila. Kuvu ya ukungu wa majani ya nyanya hutoa protini iitwayo Ecp6, inayovinyakua vipande vya kitini kabla kipokezi hakijavishika. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 2010. Jamaa za kuvu ya chule zina protini za aina hiyo pia. Kwenye embe bichi, chule hujificha kimya ndani ya ngozi ya tunda mpaka liive, ndiyo maana embe safi shambani linafika sokoni lina madoa.

Kwanza hakikisha ni chule. Ukiona unga mweupe kwenye mashada, huo ni ubwiri unga, na dawa yake ni nyingine. Ikiwa ni madoa meusi yanayoenea baada ya mvua, kata matawi makavu, okota mashada na maembe yaliyooza uyafukie mbali, punguza matawi ya katikati upepo upite. Dawa ya kopa ipulizwe mashada yanapoanza kuchomoza, kabla mvua haijayakuta, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Kopa huizuia kuvu isiingie; ikishaingia, umechelewa.

Maganda ya kamba usiyatupe. Yaoshe kwa maji baridi mara kadhaa yatoke chumvi, maana mwembe hauivumilii, kisha yaponde uyachanganye kwenye mboji. Huko udongoni wapo vijidudu wenye vimeng'enya vya kukisaga kitini, na naitrojeni yake itafika mizizini polepole.