Njia tambarare za bonde la Lukuledi, kwa wasiopenda vilima

Anayetaka kutembea kwa miguu mkoani Lindi bila kupanda vilima, namshauri aanze na bonde la Lukuledi. Mto huu unatoka pande za Masasi na kumwaga maji yake kwenye hori la Lindi, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na njiani unapita bonde pana lililobanwa na miinuko miwili: uwanda wa juu wa Makonde kusini na Rondo kaskazini. Miinuko hiyo utaitazama kwa mbali tu. Miguu yako itakuwa bondeni, kwenye mpunga, ufuta, mihogo na mikorosho, ambako njia inakwenda moja kwa moja bila kukudai pumzi.

Nilianza kutembea huko kwa ajili ya mama yangu. Magoti yake hayataki kupanda, na kushuka ndiko kunakomuumiza zaidi. Alishauriwa hospitali atembee mara kwa mara ili magoti yasikakamae, lakini barabarani magari yanamtia hofu. Bondeni anatembea kwa raha, anapumzika chini ya mwembe anapotaka, na akikutana na watu wa umri wake shambani mazungumzo hayaishi.

Tambarare hata hivyo ina masharti yake. Mlimani kinachokuchosha ni mwinuko. Bondeni ni maji, jua, na njia zinazogawanyika bila alama yoyote. Na karibu kila njia ya bondeni inakatisha shamba la mtu. Kwa hiyo kabla hujauliza ni umbali gani, uliza ni mwezi gani.

Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine zinaingia Mei. Katika kipindi hicho sipeleki mzee bondeni. Udongo mweusi wa mbugani unashika kiatu hadi mguu unakuwa mzito, majaruba ya mpunga yamejaa maji, na njia uliyopita asubuhi inaweza kuwa chini ya maji jioni ikiwa mvua imenyesha huko juu. Mto unaweza kujaa bila tone kuanguka mahali uliposimama. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yangu. Ardhi imekauka, upepo wa kusi unavuma, asubuhi ni baridi ya kupendeza, na nyasi zimelala kiasi kwamba unaona unapokanyaga. Oktoba bado panapitika, ila jua limeanza kuwa kali na watu wanachoma mashamba kuyaandaa kwa msimu mpya. Ukiona moshi upande upepo unakotokea, geuza njia mapema. Moto wa nyasi kavu unakwenda kasi kuliko mtu mwenye magoti mabovu.

Kila zao lina adabu yake kwa mpita njia, na hapa ningependa unisikilize kwa makini, maana ndipo wageni wanapowaumiza wakulima bila kujua. Ufuta ukishakatwa, kati ya Mei na Julai, hufungwa miganda na kusimamishwa shambani ukauke. Vifuko vyake vya mbegu vinapasuka juu, mbegu zikiwa zimebaki ndani zinasubiri kukung'utwa juu ya turubai. Ukiugusa mganda kwa begi au ukauegemea upigwe picha, mbegu zinamwagika chini na hakuna wa kuziokota mchangani. Hiyo ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Kwenye mpunga, tembea juu ya tuta lililozoeleka na usiruke kwenye tuta bichi, kwa sababu likibomoka maji ya jaruba zima yanaondoka. Ukisikia mtu anapiga debe na kupaza sauti juu ya dungu, anawinga ndege. Msalimie, lakini usimkalishe kwa maongezi marefu: kweleakwelea wakitua, ni dakika chache tu na suke limebaki tupu.

Mikorosho ndiyo kivuli bora cha safari, na watu wengi wanaanzia hapo. Jua tu kwamba kuanzia Juni wakulima hupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kazi hiyo hufanywa alfajiri upepo ukiwa umetulia. Ukisikia mashine inanguruma ndani ya shamba, subiri au zunguka, hasa mwenye pumu, maana unga ule unachoma macho na koo. Msimu wa kuokota ukifika, Oktoba na Novemba, chini ya mikorosho huwa pamefagiliwa ili korosho zinazodondoka zionekane. Usiokote hata moja. Bibo ukipewa, kula na ushukuru, lakini korosho yenyewe inakwenda ghalani kupimwa na kupigwa mnada, kila kilo ina mwenyewe. Na mtoto asiing'ate mbichi: mafuta ya ganda lake yanababua midomo na vidole.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya maeneo ya Nyangao na Mahiwa. Panda gari la Masasi kutoka Lindi, pita Mnazi Mmoja na Mtama, shuka Nyangao, kisha uliza njia ya miguu inayokwenda mashambani. Usiulize kilomita. Uliza, "Nikitoka hapa sasa hivi, nitafika saa ngapi?" Mkulima anajibu kwa mwendo wake wa jembe begani, nawe ongeza nusu yake. Kwa mama, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi unatosha, na unampa muda wa kukaa.

Utambarare huu ndio uliofanya kila aliyetaka kwenda bara kutoka Lindi apite huku. Misheni ya Wabenediktini hapo Nyangao ilichomwa mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipambana Mahiwa kwa siku nne, moja ya mapigano makali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki, na wengi waliotumwa kufa pale, upande huu na ule, walikuwa Waafrika, wakiwemo askari kutoka Nigeria. Baadaye ukaja Mpango wa Karanga wa Waingereza, na reli ya kwenda Nachingwea ikaanzia Mkwaya, kwenye hori lilelile la Lindi. Mpango uliachwa mwaka 1951, reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Huwa namwambia kila ninayempeleka Mahiwa habari hizi kabla hatujaondoka. Mtu anastahili kujua anakanyaga ardhi gani.

Kwa asiyetaka kwenda mbali na mji, kuna kivuko cha kutoka Lindi kwenda Kitunda, ng'ambo ya hori. Ukishashuka, baki chini kwenye minazi, usifuate njia za kupanda. Hapo kinachotawala ni maji ya bahari: wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu, na njia ya kando ya mikoko iliyokuwa kavu inazama. Waulize wavuvi maji yanajaa saa ngapi, kisha panga kurudi kabla.

Mtwara wana tambarare kubwa zaidi, ile ya mto Ruvuma, upande wa Kitaya na Mahurunga. Ni nchi nzuri ya mpunga, lakini si ya kujiendea tu. Ni mpakani na Msumbiji, hivyo anzia ofisi ya serikali ya kijiji, jieleze, saini kitabu cha wageni, na omba mwenyeji wa kukuongoza. Ruvuma ina mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kula na kurudi alfajiri, na ukisimama kati yake na maji umejiweka pabaya. Kule natembea jua likiwa limeshapanda, mbali na ukingo, nyuma ya mwenyeji. Mtu akikwambia njia fulani haipitwi kwa sasa, usimbishie.

Utaratibu wa kuripoti nautumia hata Lukuledi, japo kwa wepesi zaidi. Salamu inafanya kazi kubwa. Mama akimkuta mzee shambani husimama kabisa, si kusalimia huku anatembea. "Shikamoo kaka." "Marahaba dada, mnaelekea wapi?" "Tunanyoosha miguu, tunaomba njia." Baada ya hapo mara nyingi tunaelekezwa njia iliyo bora kuliko tuliyokuwa tunaifuata, na mara nyingine tunapewa muhogo wa kuchemsha. Picha ya mtu au ya shamba lake, omba kwanza.

Kuhusu mavazi, suruali ndefu au dera refu, hata kukiwa na joto, kwa sababu ya upupu. Kuanzia Julai maganda yake yanakauka, na manyoya yake yanapeperushwa na upepo mpaka njiani. Yakikupata usijikune, maana unayasambaza. Vua nguo hiyo uikung'ute mbali nawe. Raba zinafaa kwenye njia kavu, na yeboyebo ziwe kwenye begi kwa ajili ya kuvuka vijito. Ila uvuke panapotiririka tu. Maji yaliyotuama, mabwawa na mifereji ya majaruba ndimo wanamoishi konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake vinapenya ngozi bila kidonda chochote. Ukilazimika kuingia, jikaushe haraka, na baada ya wiki kadhaa kapime mkojo na choo. Dawa ipo na inatibu. Fimbo pia ibebwe, kwa mama ni ya kuegemea, kwangu mimi ni ya kupigapiga majani mbele, kwani kifutu hulala njiani na hakimbii kama nyoka wengine.

Tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa nne tunataka tuwe tumefika kivulini. Maji lita mbili kwa kila mtu, usitegemee visima vya watu. Beba noti ndogondogo, maana utakutana na mihogo, papai, ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa na madafu, na mkulima hana chenji ya elfu kumi shambani. Nunua kwa bei anayotaja. Kwa kurudi, magari ya Masasi kwenda Lindi hupita Nyangao na Mtama mchana kutwa, lakini kadiri jioni inavyoingia yanakuja yamejaa, na mama hawezi kusimama mpaka Mnazi Mmoja. Ukiwa na mzee, kuwa kituoni kabla ya saa tisa alasiri, na uchukue namba ya bodaboda wa pale kijijini asubuhi kabla hamjaingia mashambani, magoti yakikataa katikati ya njia aje awachukue.