Asilimia 96 Iliyoniumbua

Juzi usiku dogo mmoja kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Nimepata nafasi ya masta ya rimoti sensingi na jioinfomatiki. Ninunue laptopu gani?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa wasioijua, fani hiyo ni ya kuisoma ardhi kwa picha za setilaiti na kuichora ramani kwa kompyuta. Laptopu tutafika. Kwanza nikusimulie nilivyoumbuka.

Tasnifu yangu ilihusu mikoko ya delta ya Rufiji na mashamba ya mpunga yanayoimega. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni za bure, pikseli moja ni mita 10 ardhini, kwa hiyo wenzangu wengi walimaliza utafiti wamekaa kitini. Mimi nilikaa siku sita mtumbwini, GPS shingoni. Maji yakitupwea njiani, tunashuka kusukuma, matope hadi mapajani. Kiatu kimoja cha raba kiko huko mpaka leo. Nikarudi na pointi 214, yaani sehemu nilizorekodi kwa GPS pameota nini, najiona mwamba.

Zote nikaifundishia kompyuta: hapa mchu, hapa mkandaa (aina za mikoko hizo), hapa mpunga. Nikapima usahihi: asilimia 96! Nikampigia mama.

Siku ya utetezi, mtahini mmoja, mzee mpole, akafunua jedwali langu akauliza taratibu: "Pointi za kupimia ulizitoa wapi?"

"Ni hizo hizo, mzee."

Kimya. Nilikuwa nimeitungia kompyuta mtihani wa maswali ambayo majibu yake nilishaipa. Nikarudishwa miezi minne. Msimamizi wangu, aliyeliona jedwali lile mara tatu, alikuwa anaangalia dirishani. Hilo bado linaniuma.

Niliporudia, usahihi ulishuka hadi 81. Hiyo 81 ndiyo yangu kweli.

Basi sikieni, maana mnapenda ramani za rangi kuliko kazi yenyewe. Tenga pointi za kupimia kabla hujafungua programu, tena zitoke mkondo mwingine wa mto. Tenga mapema! Pwani ikikuwekea mawingu, usililie picha. Chukua rada ya Sentinel-1, inapenya. Na ramani zetu za zamani ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali, wakati GPS yako inasoma WGS 84, mfumo wa dunia nzima: ukizichanganya, vitu vinahama kama mita 300, kijiji kinaingia mtoni. Na pointi, narudia, zitenge.

Ee, laptopu. RAM ya gigabaiti 16 inatosha, programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, kazi nzito ipeleke Google Earth Engine, ifanywe na kompyuta za Google mtandaoni. Chenji itakayobaki, nunua gambuti.