Shanga hutungwa, bibi hana tanuri

SWALI: Shikamoo mzee. Mwanangu wa darasa la sita aliandika kwenye insha, "Bibi alikaa barazani akitengeneza shanga." Mwalimu akamkata alama na kuandika pembeni "akitunga". Je, ni kosa kweli, au mwalimu kajitia ukali tu? (Mama wa Muheza)

JIBU: Marahaba, mama. Mwalimu yuko sawa. Anayetengeneza shanga ni mwenye kiwanda cha kioo. Huku pwani shanga za kioo zilishushwa bandarini zikiwa tayari, kutoka India na baadaye Venice. Karne ya 19 misafara ya bara ilizibeba kama fedha, na zile nyekundu, samesame, zilipewa jina la "kivunja-mji" eti kwa jinsi wanawake walivyozigombea. Jina hilo, naapa, lilitungwa na wanaume. Bibi yako anachukua uzi na kupitisha ushanga mmoja baada ya mwingine: huko ndiko kutunga. Mvuvi naye hutunga samaki, ndiyo maana tukanunua mtungo wa changu.

Lakini ngoja, maana umenigusa kidonda. Hiki "kutengeneza" kimeingia kama mgeni aliyekaribishwa chai akahamia chumbani. Siku hizi chungu kinatengenezwa, kamba inatengenezwa, jahazi linatengenezwa. Tangu lini? Chungu hufinyangwa, kamba husokotwa, jahazi huundwa, pete hufuliwa, kinu huchongwa. Juzi nimesoma tangazo la maonyesho ya kazi za mikono: "Njoo ujifunze kutengeneza mkeka." Nikajiuliza, mkeka upi umeharibika?

Sichezi. Asili yake ni "tengenea", yaani kuwa katika hali nzuri, kukaa sawa. Kutengeneza ni kukirudisha kitu kwenye hali hiyo. Ukimwambia mtu fundi anatengeneza redio yako, hafikirii kwamba anaiunda upya.

Turudi kwenye mkeka, maana wengine wataniambia, "Basi tuseme kusuka." Polepole! Ukindu hukatwa, huanikwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, huchanwa. Kisha husukwa, ndiyo, lakini kinachosukwa ni ukili, ule ukanda mrefu mwembamba unaoviringishwa unavyozidi kukua. Ukili ukitosha, mwanamke huchukua sindano akaushona, ukanda kwa ukanda, mpaka upatikane mkeka wa kulalia au msala wa kusalia. Anayesema "mama anasuka mkeka" namsamehe, maana hata mama mwenyewe husema hivyo. Lakini ukifika ukamkuta na sindano mkononi ukamwambia anasuka, atakuangalia toka unyayo mpaka utosi. Na ukimwambia anatengeneza, atakuuliza kama umekuja na mradi.

Maana huko ndiko neno hili linakofugwa: kwenye ripoti za miradi. Mwandishi hajawahi kukaa karibu na mfinyanzi, hajui udongo unakandwa wala chungu kinachomwa, basi anaandika "akina mama walitengeneza bidhaa 200" na kwenda zake chakula cha mchana. Vyungu, vikapu, vipepeo na kofia za viua, vyote bidhaa, vyote vimetengenezwa.

Mahali pamoja tu nawaachia: saluni. Kibao kikisema "tunatengeneza nywele", sina neno. Nywele zilikuwepo, zilikuwa timtim, zimekaa sawa. Hata babu yangu angekubali, ingawa bei angeikataa.

Sasa alama ya mwanao. Mtoto kaokota neno alilolikuta limetapakaa kila mahali. Sioni haja ya kumnunia. Alama ibaki imekatwa, lakini mwombe akuonyeshe daftari la mazoezi. Kama kwenye maagizo ya mwalimu huyohuyo pameandikwa "Tengeneza sentensi kwa maneno yafuatayo", mrudishe shuleni akadai alama yake, na riba juu. Sentensi nazo hutungwa.